Barua ya Nairobi

Fundi simu wa kibanda cha jirani alimgeuzia Selina kompyuta. "Dada, wewe Kiingereza unakijua; ukisema iko sawa naituma. Hao wahariri wa Nairobi, Kiingereza kikipinda hawakuiti."

Selina akaisoma barua ya kijana huyo ya kuomba kazi ya kuandika habari za teknolojia. Vihusishi vilimshinda kijana wa watu. Kila alipotaja redio au mtandao, aliandika "in" badala ya "on". Akiitwa, kibanda kitafungwa. Na tangu Selina ahamie mtaa huu wa Buzuruga, ni kijana huyu pekee aliyewahi kumuuliza kama amekula.

Kidole cha Selina kikakaa juu ya kitufe ambacho herufi yake ilikwisha kufutika.

"Vipi, niitume?"

"Bado," Selina alisema bila kumtazama. "Kuna makosa saba. Vuta kiti, tuyarekebishe moja moja."