Wodi ya Watoto Yakaguliwa

Asubuhi ile wagonjwa wote wa wodi ya watoto walihamishiwa stoo, na vitandani wakalazwa watoto wazima.

Walikuwa watoto wa watumishi, wenye mashavu, walioahidiwa soda wakitulia. Mashuka bado yalikuwa na mikunjo ya dukani. Wauguzi walipewa likizo ya siku moja kwa kuwa sare zao zimechakaa. Daktari hakuwapo tangu yule wa mwisho alipohama, basi karani, fundi umeme na mpishi wakavalishwa makoti meupe.

"Msiguse mtu," katibu wa hospitali aliwaonya. "Simameni tu kama watu wanaofikiri."

Kule stoo, kati ya magodoro yaliyochanika, mama mmoja kijana alikuwa amempakata mwanawe. Mtoto alikuwa wa moto kama pasi.

"Vumilia, dada," mlinzi alimwambia. "Mkubwa akiondoka tu, mnarudi."

Mkubwa akafika. Nani asiyemjua? Daktari wa jeshi, kanali mstaafu, na sasa mkurugenzi wa afya wa nchi nzima. Redioni walikuwa hawachoki kusema jinsi alivyowatoa askari vitani wakiwa hai. Mwenyewe hakupenda kuyaongelea hayo, kwa hiyo walimsifu kwa unyenyekevu pia.

Alianzia nje, akainama kwenye gari la wagonjwa lililokuwa likinguruma.

"Belti ya feni imelegea."

Katibu akatikisa kichwa kwa mshangao. Kumbe mtu akisoma, anasoma kweli!

Wodini alipita taratibu, mikono nyuma.

"Huyu anasumbuliwa na nini?"

"Homa, mheshimiwa," alijibu mpishi, jasho likimtiririka.

"Aendelee na dawa. Na huyu?"

"Homa pia," alisema fundi umeme.

"Aendelee na dawa."

Kwenye kitanda cha tatu msichana mdogo aliinua kichwa. "Shikamoo, babu. Mimi naumwa mpaka saa sita tu."

Katibu alicheka kwa nguvu kupita kiasi. "Homa hiyo, mheshimiwa! Inamfanya aweweseke."

"Basi dawa iongezwe," alisema mkubwa, akasogelea kitanda kingine.

Ndipo mlango ulipofunguliwa kwa kishindo. Yule mama wa stoo aliingia mbio, mlinzi akimvuta gauni kwa nyuma. Mtoto alikuwa amekakamaa mikononi mwake, macho yamegeuka.

"Degedege! Jamani, mwanangu anakufa! Daktari ni nani hapa?"

Karani akamtazama fundi umeme. Fundi umeme akamtazama mpishi. Mpishi akavua koti.

"Nisamehe, dada yangu. Mimi napika uji."

Wote wakamgeukia mkubwa. Mama akapiga magoti mbele ya viatu vyake vinavyong'aa.

"Baba, nakuomba. Wewe ndiye daktari. Msaidie."

Mkubwa hakumpima mtoto. Hata paji la uso hakuligusa. Alimpokonya dereva wake funguo, akamshika mama mkono, wakatoka mbio.

Gari lilichomoka getini. Alikata kona, akapanda ukingo wa barabara, akajipenyeza kati ya malori mawili mahali ambapo hata baiskeli ingesita. Mama alifumba macho, akawa anamwita mwanawe kwa majina yote ya mapenzi aliyoyajua.

Kwenye hospitali ya masista kulikuwa na daktari. Mtoto alipokelewa mlangoni, akachomwa sindano. Baada ya muda alilia, kilio kikubwa, chenye hasira, kizuri.

Mama akaketi kwenye benchi akijifuta machozi.

"Asante, baba. Mungu akuweke. Lakini samahani, daktari mzima wewe, mbona mwanangu hukumpima hata kidogo?"

Mkubwa alitazama huku na huku, kisha akashusha sauti.

"Mwanangu, jeshini mimi nilikuwa dereva. Koti jeupe walinivalisha siku jenerali alipokuja kukagua, na jenerali akanipenda."