Gauni la Kakese

Wiki tatu baada ya ndege kuanguka kwenye mashamba ya Kakese, Telesphor alirudi pale na bwana wa bima. Kampuni ilikubali kulipia mizigo ya abiria, mradi ithibitike kwamba imeungua.

Waliingia bila taarifa kwa mzee aliyemvuta Telesphor kutoka kwenye moto. Mikono ya mzee ilikuwa bado imefungwa bendeji hadi kwenye viwiko. Mke wa Telesphor hakuwahi kuvutwa.

"Karibuni, baba zangu," alisema mama mwenye nyumba, akitoka jikoni na kigoda.

Alikuwa amevaa gauni la samawati. Pindo lake lilikuwa limeongezwa kwa kitambaa cha mistari, kilichokatwa kwenye shati kuukuu la Telesphor. Mara ya mwisho aliliona mkewe alipokuwa akilikunja na kulitia sandukuni kwa safari ile.

"Mzee, mliokota chochote?" aliuliza bwana wa bima, fomu ikiwa mkononi.

"Hapana, bwana. Vyote viliungua."

"Na wewe Telesphor, kuna chako hapa?"

Telesphor aliitazama ile mikono. Alitaka kusema hakuna. Alijua kabisa kwamba hivyo ndivyo inavyompasa kusema.

"Hilo gauni ni la marehemu mke wangu."

Mzee akainamisha kichwa. Bwana wa bima akaacha kuandika.

Mama akaweka kigoda chini, akageukia ukuta, na pale pale mbele yao akaanza kufungua vifungo.