Pikapu za Kabatini

Fundi bomba alikuwa jikoni akimimina chai aliposikia mlango wa kabati la sebuleni ukilia. Akajua dada yake ameshamwaga mtama penye kuku wengi.

Kabatini mlikuwa na siri yake: pikapu ndogo za chuma, za mitindo ya zamani, kila moja yaenea kiganjani. Mchumba wake wa kwanza alipoziona alicheka, "Mwanamume mzima na vigari!" akaenda zake, asirudi. Huyu wa sasa, muuguzi, aliyekuwa mgeni wao sebuleni, alikuwa bado hajaonyeshwa.

Fundi alikimbilia sebuleni, birika mkononi.

"Wifi, bora ujionee mapema," dada alikuwa akisema. "Usije ukasema tulikuficha."

Muuguzi alichukua pikapu ya kijani iliyochubuka rangi mlangoni, akaibeba taratibu kama kifaranga. Fundi akangoja kicheko.

Muuguzi akaipindua tumbo juu. Akapuliza vumbi, akazungusha gurudumu la nyuma kwa ukucha, kisha akakunja uso.

"Magurudumu haya si yake. Nani aliibadilishia?"

"Niliinunua hivyo hivyo," fundi alisema. "Ya asili nimeyatafuta mpaka nimechoka."

"Ninayo mimi. Yako chini ya kitanda, kwenye sanduku, pamoja na zangu."

"Zako?"

"Usicheke!" muuguzi alisema, uso umemwiva kwa haya.

Dada mtu akashika kiuno, akamtazama huyu, akamtazama yule.

"Makubwa haya," alisema. "Nami nilidhani ninaye mmoja tu!"