Mpini Uliokataa Mkono

"Nimekitengeneza mwenyewe," mume aliwaambia wageni, akikiinua kisu juu ya mkate. "Miezi mitatu, jamani. Si mchezo."

Mkewe aliganda mlangoni na sinia la vikombe. Miezi yote hiyo mitatu, kila Jumamosi, alikuwa uani akikata bapa la msumeno mkuukuu na kulinoa liwe kisu, na mume akipita anacheka: "Fundi, bado unajichosha na vyuma chakavu?"

Kisu kilipita mkono kwa mkono, sifa zikamiminika. Shemeji peke yake ndiye aliyekunja uso. "Kinakata kama wembe, kaka, lakini mbona mpini unaniumiza kiganja?"

"Utauzoea tu."

Mpini ule wa mpera mke aliuchonga kidogo kidogo, akiushika, akiupunguza, akiupiga msasa, mpaka kidole gumba kikapata pa kulala. Kidole gumba cha kushoto. Nyumba nzima, mwenye mashoto ni yeye peke yake.

Mama mkwe akakipokea. Akakishika kwa kulia, mpini ukamkataa. Akakihamishia kushoto, ukatulia kiganjani kama yai kwenye kiota. Akainua macho taratibu, akautazama mkono wa kushoto uliobeba sinia, kisha uso wa mkwewe.

Mke akangoja.

"Hongera, mwanangu," mama mkwe akasema, akimrudishia mwanawe kisu. "Mikono ya marehemu baba yako kabisa hiyo."

Halafu akageukia mlangoni. "Na wewe mkwe wangu, mbona umesimama? Chai inapoa."