Amplifaya ya Tatu

Makwaia alimgeuzia mkewe, Nambua, kiti kielekee ukutani. Ndivyo wapiga gitaa wa roki walivyochagua amplifaya kuukuu kwa fundi Shedrack: mmoja apige, mwingine asikilize bila kuona, maana macho hupenda rangi mpya.

Ya kwanza ilikwaruza. Ya pili ikanguruma vizuri, lakini Nambua hakutingisha hata mguu. Ya tatu ilikuwa imechubuka kila upande. Makwaia alingoja taa zake za kioo, zile za kukuzia sauti, zipate moto, akapiga nyuzi nene mara moja tu.

"Hiyo," Nambua akasema. Vinyweleo vya shingo yake vilikuwa vimesimama.

Fundi akacheka. "Unajua kusikiliza, shemeji. Hii aliniuzia Sengo juzi."

Sengo ndiye mpiga gitaa ambaye Nambua alimpenda kabla ya ndoa.

"Ulijua ni yake?" Makwaia akamuuliza mkewe.

"Ningejuaje? Nimekaa naangalia ukuta."

"Basi geuka."

Nambua hakugeuka upesi. Makwaia akazima swichi, akainama nyuma ya amplifaya. Zile taa zilikuwa bado nyekundu, naye akazikodolea macho, asije akauona uso wa mkewe kabla nao haujapoa.