Mtoto wa Nne

"Usiniachie mkono," mama mzee alisema, akiwa amelazwa juu ya meza ya upasuaji.

Daktari wa usingizi hakumwachia. Kwa mkono wa pili alisukuma dawa taratibu kwenye mpira wa dripu. "Hii itakulegeza tu, mama. Tutaongea, lakini hutasikia maumivu wala hutakumbuka lolote." Maneno hayo alikuwa ameyasema kwa wagonjwa wengi mno, siku hizi midomo iliyasema yenyewe.

Mpasuaji alikuwa bado ananawa mikono. Mfukoni mwa daktari simu ilitikisika tena. Ilikuwa hospitali binafsi ya mbali iliyomtaka kazini: mshahara mara tatu ya wa hapa, nyumba, gari, na jibu walilitaka kabla ya saa sita mchana. Mafunzo yake yalikuwa yanafika ukingoni. Hapa alipokuwa walimpa nafasi ya kubaki kufundisha, kwa mshahara wa kujikaza kisabuni.

"Ukikataa hiyo, tutakupima akili," mpasuaji alikuwa amemtania asubuhi.

Rahisi kwake kusema. Wagonjwa wakipona humtafuta mpasuaji wamshukuru. Aliyewalaza hakuna anayemuulizia. Tangu mama yake afariki, daktari huyu alirudi kila jioni kwenye chumba ambacho hakuna aliyewahi kukipigia hodi. Upweke ulikuwa umemchosha. Alijiambia kwamba kama ni upweke, basi bora wenye pesa.

"Mbona umenuna, mwanangu?" mama aliuliza, ulimi umeanza kuwa mzito. "Una nini?"

Hakukumbuka mara ya mwisho kuulizwa hivyo. Akamweleza yote: kazi, mama yake, chumba.

"Fedha ni sabuni ya roho," mama alisema, "lakini sabuni haikungojei mlangoni ukirudi nyumbani. Usiende. Mimi nina watoto watatu, wewe utakuwa wa nne. Nikitoka hapa, Jumapili uje tule. Usipokuja nitakufuata mwenyewe, na huu mguu wangu mbovu."

Daktari alicheka nyuma ya barakoa, macho yakamlowa. "Kweli, mama?"

"Mimi sina maneno mawili." Akaubana mkono wake, hakuuachia hata mpasuaji alipoingia.

Mfupa uliungwa salama. Kabla ya saa sita daktari alisimama koridoni, akapiga simu, akaikataa ile kazi. Wa upande wa pili akamuuliza kama ana hakika.

"Nina familia huku," alijibu, akashangaa jinsi neno lilivyomtoka kirahisi.

Jioni alivua nguo za kazi, akavaa shati safi, akanunua machungwa. Njia nzima ya kwenda wodini alikuwa akipiga mluzi, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa muda mrefu.

Mama alikuwa ameegemea mito, macho maangavu, anazungumza na nesi.

"Shikamoo, mama," daktari alisema, akiushika ule mkono. "Nimebaki."

"Marahaba." Mama akamtazama kwa upole usoni, akayatazama machungwa, akamtazama tena. Kisha akamgeukia nesi.

"Nesi, hebu msaidie kijana huyu. Maskini, anamtafuta mama yake."