Tundu la Jikoni

Kidole cha Bibi kilikuwa kimefika sebuleni.

Bibi haoni, na kila asubuhi huomba arudishwe nyumbani kwake, nyumba iliyokwisha kubomolewa. Ndiyo maana Mjomba aliijenga upya juu ya meza, ndogo kama boksi la viatu, kwa kimashine cha keekee, cha kutobolea mbao, kinachoshikwa kama kalamu. Madirisha aliyatoboa kwa mwendo wa polepole, mbao zisiungue. Kuta alizisugua hadi zikateleza kama sabuni.

"Nzuri," alisema Bibi, kwa adabu ya mgeni. "Ya nani?"

Mjomba alimwinamia sikioni. "Yako, Mama."

"Usinitanie, mwanangu."

Kidole kiliendelea na safari kuelekea jikoni, nami nikaanza kutubu kimyakimya, kwa heshima zote. Mchana, Mjomba aliposinzia, nilikuwa nimechagua keekee nyembamba kuliko zote na kutoboa, chini kabisa ya ukuta wake mpya, tundu la panya. Kazi safi, nasema bila majivuno.

Kidole kilipita, kikasimama, kikarudi. Ncha ya ukucha ikazama tunduni.

Vumbi la mbao lilielea kwenye mwanga wa dirisha, kana kwamba chumba kizima kimelala. Mjomba alinigeukia taratibu, macho yameiva.

"Kumbe bado hamjaliziba!" alisema Bibi. "Na babu yenu nilimwambia alitie saruji, akabaki kucheka tu."

Kisha, chini ya meza, akavua kandambili zake.